Mashua za Vita Zilizopita Kambove

Mwanzoni mwa Agosti 1915 garimoshi liliondoka Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, likapita Likasi na Kambove likielekea Fungurume. Huko Fungurume ndiko reli ilikokuwa imeishia. Nyuma ya injini, juu ya mabehewa, zilipakiwa mashua mbili za vita, kila moja ikiwa na urefu wa mita 12 hivi, mbao zake za mkangazi, mashine zake za petroli. Waliosimama kando ya reli pale Kambove walikuwa wachimba shaba na wachoma makaa. Kutoka hapo hadi Ziwa Tanganyika ni kama kilomita 600 kwa mstari ulionyooka, na katikati kuna milima ya Mitumba.

Kambove haikujengewa reli kwa ajili ya vita. Kabla ya Mzungu yeyote kufika, Wasanga walikuwa wakichimba mawe ya kijani katika vilima hivyo, wakiyayeyusha kwa tanuri za udongo na kumimina shaba yake katika umbo la misalaba, iliyotumika kama fedha mbali sana na hapo. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, tanuri kubwa la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911, na mwaka 1913 reli ikafika Kambove kuchukua mawe ya mgodi. Njia hiyo ya shaba ndiyo iliyowapa Waingereza wazo ambalo bila yake lingekuwa ndoto: kupeleka jeshi la majini ziwani kupitia nchi kavu, kutoka Cape Town.

Sababu yao ilikuwa shambulio la ghafla. Vita vilipoanza Ulaya mwezi Agosti 1914, Wabelgiji wa Kongo walitumaini kwamba koloni lao lingebaki nje ya ugomvi. Tarehe 22 Agosti meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann ilivuka ziwa na kuipiga mizinga meli ya Kibelgiji Alexandre Delcommune pale Lukuga, karibu na mahali ambapo leo ni Kalemie. Wabelgiji hawakuwa na meli nyingine ya kujibu nayo. Meli kuukuu za Waingereza zilizokuwa upande wa kusini nazo ziliharibiwa miezi michache baadaye. Tangu hapo Wajerumani wa Kigoma waliweza kuvusha askari popote walipotaka, na vijiji vya pwani ya Kongo, kuanzia Uvira hadi Moba, vililala bila kujua usiku gani vitavamiwa.

Pwani ya Bahari ya Hindi nako kulikuwa na pigo la namna hiyo hiyo, na mapigo hayo mawili yalikuja kukutana ziwani kwa njia ambayo wengi hawaijui. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga mbele ya mji wa Unguja, mashine zake zikitengenezwa, haiwezi kuondoka. Manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff, ilitokea kusini na kuanza kupiga kwa mbali, umbali ambao mizinga ya Pegasus haikuufikia. Kazi ilikwisha kwa muda mfupi. Mabaharia 38 walikufa na 55 wakajeruhiwa. Pegasus haikuzama papo hapo. Ilielea ikivuja, ikaegemea upande, na mchana wa siku ile ile ikaenda chini, lakini muda huo ulitosha kuwashusha majeruhi na kuwafikisha pwani. Wengi wa waliokufa walizikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, ambacho watu wa mjini hukiita Kisiwa cha Makaburi. Baadaye wazamiaji walishuka wakaopoa baadhi ya mizinga ya Pegasus, na mmoja wao uko Mombasa mpaka leo, ndani ya Ngome ya Yesu.

Königsberg yenyewe ilijificha katika matawi ya Mto Rufiji. Waingereza waliizingira kwa miezi, na tarehe 11 Julai 1915 manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliivunja, na nahodha wake akaamuru iharibiwe kabisa. Waingereza waliondoka wakiamini mambo yamekwisha. Hawakujua kwamba katika maji ya kahawia ya Rufiji, kwa kupanda na kushuka kwa bamvua, mizinga ingeweza kufikiwa. Wajerumani na wafanyakazi wa Kiafrika waliitoa yote kumi, mmoja mmoja, kila mmoja wa kipenyo cha milimita 105. Waliiweka juu ya magurudumu, na mamia ya watu wakaivuta kwa kamba kupita matope na misitu hadi Dar es Salaam, ambako mafundi wa karakana waliitengeneza upya. Mmoja wa mizinga hiyo ulipakiwa kwenye reli ya kati, ukapelekwa Kigoma, ukafungwa juu ya meli mpya iitwayo Graf von Götzen.

Kwa hiyo jeshi lililokuwa likipita Kambove lilikuwa linakwenda kukutana na mzinga uliotokea Unguja. Nayo Götzen ilikuwa na safari yake ya nchi kavu. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Mafundi watatu wa kiwanda cha Meyer, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, waliiunga tena pamoja na vibarua wengi wa Kigoma na Ujiji, na ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Ilikuwa na urefu wa mita 70 na ushei, hakuna chombo ziwani kilichoweza kuikaribia. Vita vya Ziwa Tanganyika vilikuwa, tangu mwanzo, vita vya watu wanaobeba meli mgongoni.

Mpango wa Waingereza ulitoka kwa mwindaji wa tembo, John Lee, aliyekwenda London mwezi Aprili 1915 kuwaambia wakubwa wa jeshi la majini kwamba mashua ndogo zenye kasi zingeweza kufika ziwani kwa njia ya Katanga. Walikubali. Mashua mbili zikapewa majina Mimi na Toutou, kila moja ikapachikwa mzinga mmoja mbele na bunduki ya mtombo, na kamanda akawa Geoffrey Spicer-Simson, mtu mwenye majivuno makubwa, ambaye kazi yake ya nyuma haikuwa na sifa. Aliondoka Uingereza katikati ya Juni akiwa na watu 28 tu. Kwa idadi hiyo asingeweza kuisukuma hata mashua moja kutoka Fungurume hadi kijiji cha kwanza.

Mbele ya Fungurume kulikuwa na kilomita 235 za pori hadi Sankisia, ambako kipande kingine cha reli kilianza. Miti ilikuwa imekatwa mbele yao, miamba ikapasuliwa, na makorongo yakawekewa madaraja ya magogo, zaidi ya mia moja. Trekta mbili za mvuke zilikuwa na kazi ya kuvuta, zikisaidiwa na maksai. Trekta hizo zilikuwa nzito kuliko uwezo wa madaraja. Daraja moja lilipolala chini ya uzito, watu waliingia korongoni, wakaijaza nafasi kwa magogo na udongo, wakaitoa mashine, wakajenga tena kwa ajili ya ile ya pili. Kisha vikaja vilima. Penye mteremko ambao trekta haikuweza kuupanda, mashua ilivutwa kwa kamba na makapi yaliyofungwa kwenye miti minene, maksai wakishuka upande mmoja ili mzigo upande upande mwingine. Kushuka kulikuwa kugumu zaidi ya kupanda, maana hapo kamba inayokatika haimpi mtu nafasi ya pili.

Mwezi Septemba ni kiangazi kikali Katanga. Yeyote aliyeishi Likasi au Kambove anajua vumbi lile jekundu na upepo unaokausha midomo kabla mvua za Oktoba hazijakaribia. Trekta za mvuke zinakunywa maji mengi, na maji yalikuwa yamekwisha. Wanawake wa vijiji vya karibu waliajiriwa kuyaleta kwa vyungu kichwani, kwa maili nyingi, kuyamimina katika matumbo ya mashine zilizokuwa zikiwapeleka Wazungu kupigana na Wazungu. Makamanda wamepata medali na vitabu. Riwaya ya mwaka 1935 na filamu ya mwaka 1951 kuhusu African Queen zilichota kutoka katika kisa hiki, na katika simulizi hizo shida yote ya safari imebebwa na watu wawili weupe juu ya mto. Mimi naona wale kina mama wa vyungu ndio waliokata shauri la safari hiyo. Siku wangekataa, Mimi na Toutou zingeoza porini kati ya Fungurume na Sankisia, na historia ya ziwa ingekuwa nyingine.

Mashua zilifika Sankisia tarehe 28 Septemba. Garimoshi dogo lilizipeleka Bukama, kisha zikashushwa Lualaba, mto uliokuwa na maji haba kiasi kwamba zilikwama mchangani mara kwa mara, zikawekewa mapipa ili zielee juu zaidi, zikasukumwa na wapiga kasia. Kabalo tena reli, na mwisho wa Oktoba zikawa Lukuga. Hapo walikaa miezi miwili wakijenga bandari ya mawe, kwa sababu upepo wa ziwa lile ukivuma hauachi chombo kilicho wazi. Mimi na Toutou ziliguswa na maji ya Tanganyika siku chache kabla ya Krismasi.

Jumapili, tarehe 26 Desemba 1915, Kingani, meli ndogo ya Kijerumani, ilikuja kuchungulia kile kinachojengwa Lukuga. Safari hii walioshtukizwa walikuwa wale waliozoea kushtukiza. Kingani ilikuwa na mzinga mmoja tu, umefungwa mbele, na mashua za Waingereza zilitokea nyuma yake. Nahodha, Luteni Junge, aligeuza lakini kasi ilikuwa dhidi yake. Watu walijaa kwenye miinuko ya pwani wakitazama. Mapambano yalidumu dakika 11. Risasi ya mzinga ilimwua Junge pamoja na wengine penye mzinga wao, nyingine ikatoboa ubavu wa meli, na waliobaki wakashusha bendera.

Kazi iliyofuata, kwa maoni yangu, inastahili sifa kuliko risasi zile. Kingani ilikuwa inajaa maji. Ilivutwa haraka kuelekea pwani ili kama ni kuzama izame mahali ambapo mtu anaweza kusimama, na ndivyo ilivyokuwa: ilifika, ikakaa juu ya mchanga. Waliokufa walizikwa kwa heshima za kijeshi. Kisha mafundi wakaziba tundu, wakakamua maji, wakaivuta juu, wakanyoosha mabati. Walipachika mbele yake mzinga mkubwa zaidi uliokuwa ukilinda bandari, wakaibandika jina jipya, Fifi. Katika majuma machache adui aliyezama akawa meli kubwa kuliko zote walizokuwa nazo Waingereza ziwani. Wabelgiji nao walikuwa wakifanya vivyo hivyo na Alexandre Delcommune, ile iliyopigwa siku ya kwanza: waliitengeneza wakaiita Vengeur, Mlipiza Kisasi.

Upande wa Kigoma hakuna aliyejua lolote. Hakuna mtu wa Kingani aliyerudi kusimulia, na Kapteni Gustav Zimmer, mkuu wa meli za Kijerumani ziwani, aliendelea kusubiri. Hatimaye alituma Hedwig von Wissmann, chini ya Luteni Odebrecht, kwenda kutafuta ndugu yake aliyepotea. Asubuhi ya tarehe 9 Februari 1916 Odebrecht aliona meli zikimjia. Alipotambua ni za adui alikimbia kaskazini. Mimi, iliyokuwa na kasi zaidi, ilimfuata ikimchokoza nyuma ili ageuke kujibu, na kila alipogeuka alipoteza mwendo. Fifi, ile Kingani ya zamani, ilikaribia polepole. Risasi zake za mzinga zilikuwa zikielekea kwisha zilipopata shabaha, moja mwilini, nyingine katika chumba cha mashine. Wale waliokuwa kwenye boila, wakiwamo Waafrika, walikufa papo hapo.

Odebrecht aliamuru watu waiache meli. Ikaenda chini pua mbele, ikiacha mafuta, vipande vya mbao na vichwa vya watu. Wale waliokuwa wakipigwa dakika chache kabla sasa walitupiwa kamba, wakavutwa juu, Wajerumani na Waafrika pamoja, wakakalishwa juu ya sitaha ya Fifi. Miongoni mwao walikuwamo watu walioifahamu sitaha ile vizuri, kwa sababu ilikuwa ya meli ya wenzao waliyotumwa kuitafuta. Naamini ndipo walipojua kilichoipata Kingani.

Götzen ilibaki. Spicer-Simson aliiona ikipita na hakuthubutu kuishambulia, na mwezi Juni 1916, kule kusini, Bismarckburg, aliwaacha Wajerumani watoroke kwa njia ya ziwa. Sifa za ushujaa alizopewa zinahitaji kusomwa pamoja na siku hiyo. Kwa upande wa Wajerumani, Götzen ilikuwa imekwisha meno kimyakimya: mzinga wa Königsberg ulishushwa upelekwe nchi kavu, wakaweka wa mbao mahali pake. Ndege za Wabelgiji zilianza kupiga mabomu bandari ya Kigoma. Reli ya kati ilikuwa karibu kukatwa, na majeshi ya Kongo chini ya Jenerali Tombeur yalikuwa yakishuka kutoka Rwanda na Burundi kuelekea Tabora, ambayo waliitwaa mwezi Septemba.

Zimmer aliamuru Götzen izamishwe. Lakini amri ya kuzamisha waliipokea wale wale walioiunga, Rüter na wenzake, na hawakuwa tayari kuiua. Walizipaka mashine zake grisi nzito, kila chuma kinachozunguka, kila kiungo, kama mtu anayepakia vyombo vya nyumba ambayo anajua kuna siku mtu atarudi kuiishi. Wakaijaza mchanga ili ikae wima, wakaipeleka karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, na tarehe 26 Julai 1916 wakaifungulia maji, ikatulia chini polepole, kina cha mita 20 hivi. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma.

Kuopoa meli ya namna hiyo hakuna ujanja mmoja. Lazima uutoe mchanga uliomo, uzibe matundu yote, upunguze uzito kidogo kidogo huku minyororo ikishika, na uhakikishe inapopanda hailali upande. Wabelgiji waliifanya kwanza, wakaivuta hadi Kigoma. Dhoruba ikaja, ikaizamisha tena ikiwa imefungwa. Tanganyika ilipokabidhiwa kwa Waingereza baada ya vita, walitazama gharama ya kujenga meli mpya na kuisafirisha toka Ulaya, wakaamua kushuka chini tena. Tarehe 16 Machi 1924 ikaibuliwa. Walipofungua mashine walikuta grisi ya Rüter bado ipo, na boila na mashine zikiwa zinafaa kutumika baada ya miaka karibu minane, sehemu kubwa yake chini ya maji. Tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba.

Tangu hapo haikupiga mtu. Kila juma ilishuka kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, ikisimama mbele ya vijiji visivyo na gati, ambako mitumbwi iliijia ubavuni na abiria, magunia ya dagaa, mahindi, mananasi na kuku wakapandishwa kwa mikono na kamba. Injini zake za mvuke ziliondolewa katika miaka ya 1970, zikawekwa za dizeli. Mwili ni ule ule uliotoka Papenburg ndani ya masanduku.

Vita vya mwaka 1996 na 1997 vilipoitikisa Zaire, watu wa Kivu na wa pwani ya Kongo walivuka ziwa kwa wingi kwenda Kigoma, wengine kwa mitumbwi iliyozidiwa uzito. Mobutu alipoanguka, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi liliikodi Liemba, na katika muda wa miezi mitano ikashiriki kuwarudisha zaidi ya wakimbizi 75,000 nchini kwao, ikivuka kati ya Kigoma na Uvira. Meli iliyojengwa kuitishia pwani ya Kongo ndiyo iliyowarudisha Wakongo kwenye pwani hiyo.

Mwezi Mei 2015 Warundi waliokimbia machafuko ya nchini mwao walijazana Kagunga, kijiji chembamba kilichobanwa kati ya mlima na ziwa upande wa Tanzania. Kipindupindu kikaingia. Barabara haikuwapo. Liemba ilitia nanga mbele ya kijiji, boti ndogo zikawaleta watoto, wazee na wagonjwa, mamia kwa safari moja, ikawapeleka Kigoma. Ilikuwa na umri wa miaka 100 tangu Rüter na vibarua wa Ujiji walipoishusha majini, na mabaharia wake waliifanya safari hiyo mara kwa mara hadi ufuo ukapungua watu.